Siku Ambazo Wanza Hakuja Kazini

Uvumi wenyewe niliuokota bombani.

Mama Katana, jirani yangu hapa Tudor, alikuwa ameinama anasuuza ndoo. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mama Mirriam, hivi wewe korti unakwenda bure?"

"Kwani kuna wanaokwenda kwa nauli ya mfalme?"

"Mjinga wewe. Wenzio wanalipwa! Shahidi akikosa kazi kwa sababu ya korti anarudishiwa siku zake. Yuko mama mmoja Majengo kalipwa siku nne nzima. Kanunua godoro."

"Ulimwona akilipwa?"

"Yeye sikumwona. Godoro nimeliona."

Nilicheka, nikajitwika ndoo yangu, nikaenda. Nyumbani ndoo niliitua, lakini maneno ya Mama Katana sikuweza kuyatua. Nilipika nayo, nikafua nayo. Nikihesabu vyombo nahesabu siku nilizokosa kazi. Siku mbili zilikwisha kupotea, na ya tatu ilikuwa njiani. Huko kazini kwetu siku ya tatu ndiyo inayoua.

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, sikia kwa ufupi. Mimi ni Dama. Babake Mirriam alikwenda Taveta kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Nikabaki na binti yangu mmoja. Nachambua kahawa katika godauni moja kule Shimanzi, kibarua cha kulipwa jioni kwa jioni. Mwezi wa nne mwaka wa tisini na sita nilitoka nje ya lango kununua uji, nikaona lori linarudi nyuma bila utingo wa kuliongoza, bila honi. Likambana Kaingu, hamali wa mkokoteni, ukutani. Kaingu akakatwa mguu. Dereva akasema Kaingu alikuwa mlevi na alijitupa. Aliyeona ni mimi peke yangu. Polisi wakaniandika, na mwezi wa tisa samansi ikaniletea jina langu mlangoni.

Hapo ndipo nilipoishia. Lakini kuna jambo ambalo juma lile niliona haya kuliandika. Leo naliandika.

Kazini mimi siitwi Dama. Naitwa Wanza.

Kadi zetu za kazi hazilali kwetu. Zinalala kwa nyapara, ndani ya debe la biskuti. Asubuhi nyapara anasimama langoni, anatoa kadi mojamoja, anaita jina. Ukiitika, unaingia. Usipoitika, kadi inarudi chini ya debe. Ikirudi chini mara tatu katika mwezi mmoja, kadi imekufa. Anapewa mwanamke mwingine katika wale wanaongoja kando ya ukuta, na kila siku wapo, hawapungui ishirini.

Wanza alikuwa Mkamba, tukikaa naye nyumba moja, chumba kwa chumba. Mamake alipougua, akarudi kwao Ukambani. Aliniambia, "Dama, wewe itika tu, kadi isife. Nitarudi mwezi ujao." Ule mwezi ujao ulikuwa na miaka mitatu sasa, nami bado naitika.

Na si mimi pekee. Nusu ya wanawake wa lile godauni ni majina ya watu wengine. Wako waliorithi kadi ya shangazi, wako walionunua. Tulikuwa tukifanya mzaha kwamba godauni letu lina marehemu wawili wanaochambua kahawa, na mmoja ndiye mwenye bidii kutushinda sote. Nyapara anajua. Tajiri hajui, au hataki kujua. Mradi hesabu ya vichwa inatimia.

Kadi ile ndiyo iliyokuwa unga wetu na kodi yetu. Zaidi ya hayo, ndiyo iliyomweka Mirriam shuleni. Alikuwa darasa la nane, mtihani ulikuwa Novemba. Mimi niliishia darasa la sita, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Nilikuwa nimeapa mtoto huyu atakaa katika kiti cha mtihani hata nikichambua kahawa kwa meno.

Mwezi ule korti iliniita mara mbili. Mara ya kwanza wakili wa dereva alikuwa mgonjwa. Mara ya pili dereva mwenyewe akaleta karatasi ya daktari. Mara zote mbili nilikaa kwenye benchi mpaka saa sita, nikaambiwa rudi tarehe fulani. Na samansi si kadi ya harusi. Usipokwenda unafuatwa.

Basi mara ya tatu ilipokaribia, nikamwendea nyapara wetu, Mzee Jamaldin. Ni mtu wa Mji wa Kale, kofia haimtoki kichwani, na maneno yake yana asali juu na ndimu chini.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam. Wanza! Weye siku hizi umekuwa mgeni wetu. Kadi yako ishalala chini mara mbili. Wajua ya tatu?"

"Najua, Mzee. Nina haja."

"Kama ni pesa, sina. Kama ni dua, nishakuombea."

"Nataka barua. Ya kusema kwamba sikuja kazini siku zile mbili. Korti inalipa."

"Barua ya nani?"

"Yangu."

"Yako weye nani? Dama? Dama simjui mimi. Dama hajakanyaga hapa hata siku moja. Nikiandika Dama, tajiri ataniuliza huyu nimemtoa wapi, na mimi nina wajukuu wa kulisha."

"Basi andika Wanza."

Mzee Jamaldin akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.

"Mwanangu, sikiza. Korti si lango la godauni. Huko hutoki kwa kuitika tu."

"Wao wanataka muhuri, Mzee. Nani asomaye jina?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Nani asomaye jina.

Akaandika. Akagonga muhuri wa godauni, akanipa huku akicheka kidogo.

"Haya. Humo nimesema kweli tupu. Wanza hakuja tarehe tisa. Wanza hakuja tarehe kumi na saba. Wallahi hakuja. Mwaka wa tatu huu hajaja."

Nilimwonyesha Mirriam nikifikiri atafurahi. Akaisoma mara moja, kisha akaisoma tena polepole kama anayetafuta kosa katika insha.

"Mama, hii ni barua ya Mama Wanza."

"Ni yangu."

"Samansi yako inasema Dama Kahindi. Hii inasema Wanza. Watauliza."

"Wewe uko darasa la nane, si darasa la uwakili."

"Usiitoe, mama. Nakuomba."

"Pesa zikija za kulipia picha ya mtihani na viatu, utasema niitoe."

Akaikunja vizuri, akanirudishia. Halafu akauliza lile ambalo sikutaka kuulizwa.

"Na kesho ukienda korti, si ndiyo mara ya tatu? Kadi si itakufa?"

"Nitamwangukia Mzee Jamaldin."

"Akikataa?"

"Fanya hesabu zako, Mirriam."

Mama mwenzangu, mtoto akikuuliza swali mara mbili, ujue jibu anajitafutia mwenyewe.

Asubuhi nilitoka Tudor kwa miguu, nikapita Tononoka, Mwembe Tayari, mpaka kortini. Kaingu alikuwa amefika kabla yangu, ametoka kwao Kibarani na magongo yake mawili. Mguu wa suruali alikuwa ameukunja na kuushika kwa pini ya nepi.

"Umekuja, dada," akasema.

"Nimekuja."

"Watu walisema hutakuja, utaogopa kupoteza kibarua. Nikawaambia huyo ni Dama, mtu wa kwetu. Akiona kaona."

Nilipaswa kukaa kando yake pale, nikanyamaza na barua yangu. Lakini ule uvumi wa bombani ulikuwa umenishika mkono unanivuta. Nikaenda dirishani kwa karani.

Karani aliitwa Nicanor, kijana mpole, kalamu nyuma ya sikio. Nilipomwambia nimesikia mashahidi wanalipwa siku wanazopoteza, hakunicheka.

"Ipo fomu, mama. Si wote wanaopata, na haitoki leo wala kesho. Hakimu ndiye anayeamua. Una barua ya mwajiri?"

Nikaona jua limenichomozea pale dirishani. Kumbe ni kweli! Mama Katana hakusema uongo.

"Ninayo."

Akaanza kujaza. "Jina?"

"Dama Kahindi."

"Siku ulizopoteza?"

"Mbili. Na hii ya leo, tatu."

"Leo pia hukwenda kazini?"

"Ningekwendaje nami niko mbele yako?"

Akatabasamu, akaandika tatu. Kisha akaifungua barua. Tabasamu likaisha.

"Huyu Wanza ni nani?"

"Ni mimi. Ndilo jina langu la kazini."

"La kazini. Kama mwanamuziki."

"Ndiyo."

Akaishika kalamu bila kuandika. "Mama, hii fomu nikishaipokea inaingia kwenye faili. Faili inaonwa na pande zote mbili. Nikuwekee, au nikurudishie?"

Alinipa mlango, maskini. Ulikuwa wazi kabisa.

"Niwekee," nikasema.

Saa nne nikaitwa kizimbani. Nikashika Biblia, nikaapa kusema kweli, kwa jina langu Dama Kahindi. Hakimu alikuwa mama wa makamo, sauti yake ndogo lakini kila mtu aliinyamazia. Inspekta aliyeendesha mashtaka akaniuliza taratibu, nami nikasema yote. Lori lilirudi nyuma. Honi sikuisikia. Utingo hakuwapo. Kaingu alipiga kelele mara mbili, ya tatu haikutoka.

Nilimwona dereva akiinama. Nilimwona Kaingu akikaa wima. Kwa nusu saa ile nilikuwa mtu.

Wakili wa dereva akasimama. Mkononi alikuwa na fomu yangu.

"Mama, pole kwa kupoteza kazi."

"Ahsante."

"Unadai siku tatu. Una haki ya kudai. Hii barua uliileta wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Nisomee jina lililoandikwa hapa."

Nikamtazama inspekta. Hakimu akasema, "Soma, mama."

"Wanza."

"Wanza ni nani?"

"Ni mimi."

"Kipande chako cha serikali kinasema Wanza?"

"Kinasema Dama."

"Umeapa hapa kama Wanza?"

"Kama Dama."

"Basi Wanza mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa nimeapa, na mkono ulikuwa bado unanuka ngozi ya ile Biblia. Nikasema kweli.

"Yuko kwao Ukambani."

Korti nzima ikacheka. Hata askari wa mlangoni.

"Ngoja nikuelewe," akasema wakili. "Wanza ni wewe, na Wanza yuko Ukambani. Una miguu mirefu, mama. Kila asubuhi, kwa miaka mingapi, unasimama langoni unasema wewe ni mtu mwingine, ili ulipwe?"

"Mitatu."

"Miaka mitatu. Kwa shilingi ngapi kwa siku?"

"Tisini."

"Kwa shilingi tisini unaweza kusema wewe ni Wanza. Na kwa siku tatu za malipo ya korti, utashindwa kusema uliona lori?"

Inspekta akaruka juu kupinga. Hakimu akaandika. Mimi nikawa natafuta uso wa Kaingu, nikakuta anatazama sakafu.

Nikapaza sauti. "Lori nililiona! Jina si langu lakini macho ni yangu!"

"Jibu unapoulizwa, mama," akasema hakimu, si kwa ukali. Kisha akatutoa tukale, turudi saa nane.

Sikula. Inspekta alinikuta kwenye ngazi.

"Mama, kesi nilikuwa nayo mkononi. Mkononi! Nani alikutuma ulete karatasi ile kabla hujamaliza kusema?"

"Nilisikia wanalipa."

"Wanalipa. Ungengoja utoke kizimbani, uniulize mimi. Haya, ukirudi, shikilia hilohilo. Jina la kazi ni desturi ya huko, watu wote wanafanya, leo hukuwa kazini, ulikuwa hapa. Kadi ni moja na mtu ni mmoja. Tukikaa hapo tunaweza kuponea."

Kadi moja, mtu mmoja. Nilirudi na neno hilo ndani kama dawa chini ya ulimi.

Saa nane wakili alisimama kabla hata hatujatulia.

"Mheshimiwa, nilitumia muda wa chakula kupiga simu kule godauni. Nilimwuliza anayeshika kitabu cha mahudhurio kama Wanza amekuja kazini leo." Akageuka akaniangalia. "Nimejibiwa kwamba Wanza yuko. Aliitika asubuhi, yuko ndani sasa hivi anachambua kahawa."

Sikusikia kicheko safari hii.

"Mama," hakimu akaniuliza, "huyo ni nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Wallahi, Mheshimiwa, sijui."

Mkristo mimi, nimeapa wallahi kortini. Ndivyo nilivyokuwa nimepotea.

Hakimu akavua miwani. Akasema mambo matatu, nayakumbuka kama yalivyotoka. Kwanza, kesho asubuhi askari wawe langoni pa godauni kabla ya majina kuitwa. Pili, nyapara aletwe na kitabu chake, na yeyote atakayeitika jina la Wanza aletwe pia. Tatu, mimi nifike saa tatu bila kukosa, na kama itaonekana nimeidanganya korti, hiyo itakuwa kesi nyingine, na itakuwa na jina langu. Jina langu la kweli.

Nje, Kaingu alinipita na magongo yake. Alisimama hatua tatu mbele, akageuka.

"Dada, ulikuwa unadai ngapi?"

"Mia mbili na sabini."

Akatikisa kichwa. "Ungeniambia. Tungechangishana Kibarani."

Akaenda zake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilitaka kukimbilia Shimanzi, lakini ilikwisha kupita saa kumi na lango hufungwa saa kumi. Nikarudi Tudor nikijiuliza njia nzima: nani? Wanza amerudi? Jamaldin kaiuza kadi kabla haijafa?

Nilimkuta Mirriam uani, ameinamisha kichwa juu ya karai, anaosha nywele. Yale maji yalikuwa ya kahawia. Yalinuka vumbi la kahawa, harufu ambayo mimi naijua kuliko ya mwanangu.

Nikakaa kwenye kizingiti.

"Shule ulikwenda?"

Akaendelea kujimwagia maji.

"Mirriam, nakuuliza. Ulikwenda shule?"

"Mzee Jamaldin aliita mara mbili, mama. Alikuwa anaifunika kadi. Kuna mwanamke kando ya ukuta alikwisha kusimama." Akainua kichwa, maji yanamchuruzika. "Nikaitika."

"Akakubali?"

"Alinitazama. Akasema, 'Sura ya mamako, sauti ya mamako. Ingia, lakini leo tu.' Haikufa, mama. Kadi yako haikufa." Akanyoosha mkono. Shilingi tisini, zimeloa. "Alisema nina vidole vyepesi kukushinda."

Mtoto alikuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja nimsifu.

"Kitabuni alikuandika?"

"Kitabu kipya. Kuanzia leo kila mtu anatia sahihi. Alisema katika kile cha zamani nyote mlikuwa mnatia dole gumba. Mimi nikaandika. Wanza." Akasita. "Kwa ile hati nzuri, ya mwandiko wa shule. Mama, nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa sina pa kuyaweka maneno yale, nikamwekea yeye yote, mtoto mwenye mtihani baada ya miezi miwili. Simu ya wakili, askari langoni, kitabu. Kwamba mimi nimedai siku ya leo kuwa Wanza hakuja, na kitabu kitasema Wanza alikuja na sahihi akaweka.

Akaisikiliza yote akiwa ameshika taulo.

"Basi sahihi ni yangu," akasema. "Kosa ni langu."

"Kosa si lako. Kesho unakwenda shule. Langoni nitakwenda mimi, nitaitika mimi, wanichukue mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Asubuhi nilimvalisha sare kana kwamba ana miaka sita. Nikamfunga tai. Nikamsindikiza mpaka pembe ya barabara ya shule, nikamwona anachanganyika na wenzake, kola zao nyeupe. Nikageuka nikashika njia ya Shimanzi.

Askari walikuwa wawili. Walisimama pale kando ya ukuta, mahali wanaposimama wanawake wasio na kadi, na wale wanawake walikuwa wamesogea mbali. Mzee Jamaldin alikuwa na debe lake. Kofia yake ilikuwa imelowa jasho na jua hata halijapanda.

Akaniona. Hakunisalimu. Akatoa kadi ya kwanza, akaita.

Mwenyewe alikuwapo, nilimwona, yuko hatua nne kutoka kwangu na mfuko wake wa chakula. Hakuitika. Alitazama askari, akatazama chini. Kadi ikarudi chini ya debe.

Akaita ya pili. Kimya. Ya tatu akaitika msichana mmoja, kadi ni yake kweli, akaingia mbio. Ya nne kimya. Ya tano kimya.

Wanawake arobaini tumesimama, majina yanaitwa, na hakuna anayeyataka. Nusu ya godauni ilikuwa inakufa mbele yangu, kadi kwa kadi, kwa sababu ya siku zangu tatu. Habari za korti zilikwisha kunitangulia pale. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, sijui nani, "Mama Mirriam, Mungu akulipe wewe. Sisi umekwisha kutulipa."

Mzee Jamaldin akatoa kadi nyingine. Akaishika kwa muda. Niliijua kwa doa la chai pembeni.

"Wanza!"

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

"Naam!"

Haikuwa sauti yangu. Ilitoka nyuma, nyembamba, bila kutetemeka. Askari wote wawili wakageuka pamoja. Nami nikageuka.

Alikuwa amejifunga leso yangu ya kazi juu ya sare. Kola nyeupe ilikuwa inaonekana.

"Wanza ni mimi," Mirriam akamwambia askari. "Sahihi ni yangu. Yule mama simjui."

Mama mwenzangu unayesoma, karatasi yangu inakwisha na mkono hauniruhusu kuandika zaidi juu ya asubuhi ile. Nakuandikia ya kujiepusha nayo:

Usifanye kazi kwa kadi ya mtu mwingine, hata akiwa rafiki, hata akikupa kwa mkono wake.

Usipeleke kortini karatasi yenye jina lisilo lako. Wanasoma.

Usidai siku ulizopoteza kabla hujamaliza kutoa ushahidi. Ukishuka kizimbani, mwulize anayeendesha mashtaka, si jirani.

Usimwambie karani neno ambalo huwezi kumwambia hakimu.

Mtu akikuuliza, "Nikurudishie?", usiseme, "Niwekee."

Usimdharau mtoto anayejua kusoma kukushinda.

Usimweleze mtoto mzigo wako wote kwa siku moja.

Usimsindikize mtoto mpaka pembe ya barabara ukageuka. Ngoja umwone ameingia lango la shule.